Mbwa mzee, uvimbe na laki nane za bati

Mwezi huu naweka kando mambo ya wivu, michepuko na simu zinazofichwa chini ya mto, kwa sababu nimepata barua iliyonigusa kutoka kisiwani Mafia. Nimeifupisha kidogo:

“Dada, mimi na mume wangu tunaishi Utende. Mimi ni mhasibu hotelini, yeye anapeleka wageni kupiga mbizi na kuangalia papa potwe. Nilikuja huku na mbwa wangu, Malkia, kabla hatujaoana. Sasa ana miaka 11 na hajawahi kutolewa kizazi. Miezi mitatu iliyopita niligundua ana uvimbe kwenye chuchu za chini, sehemu mbili. Mmoja ni kama harage, mwingine umeshafika ukubwa wa ndimu. Anakula vizuri, anabweka, anatusindikiza hadi getini. Bwana mifugo amemgusa akasema inawezekana ni kansa, tumpeleke Dar akapimwe vizuri. Tuna laki nane tulizoweka za bati. Mume wangu anasema pesa ya bati haiendi kwa mbwa mzee, tutafute mtu ammalize kimya kimya. Mimi nasema Malkia ni wa nyumbani. Tangu siku hiyo tunalala mzungu wa nne. Nifanyeje?”

Pole sana mdogo wangu. Na shemeji naye pole, maana najua ukimaliza kusoma utampa na yeye asome. Wapo watakaocheka, eti watu wanagombana kwa ajili ya mbwa! Wacheke tu. Kuna ndoa ngapi zimetikiswa na jokofu, au na rimoti ya TV?

Nianze na shemeji. Bati kwake ni heshima. Mwanaume anayejenga huhesabu masika kwa vidole, na kila masika yakimkuta bila paa anajiona kachelewa. Ukimwambia pesa hiyo inavuka maji kwenda kumtibu mbwa, anasikia kwamba jasho lake halina thamani. Wewe nawe, Malkia alikuwepo ulipokuwa mgeni, peke yako, hujui mtu. Ukisikia neno “ammalize”, unasikia kwamba miaka yako ya kabla ya ndoa haihesabiwi. Hayo mwambianeni kwanza, kwa upole, kabla ya kutaja shilingi. Mkishayatoa moyoni, tuje kwenye ugonjwa wenyewe.

INAWEZEKANA SIYO NDIYO

Bwana mifugo kasema “inawezekana”. Nyinyi wawili mmeshalifanya neno hilo kuwa hukumu, mmoja analia na mwingine anatafuta mtu wa kummaliza. Tusubiri kwanza.

Ni kweli kwamba kansa kwa mbwa wazee si jambo la ajabu. Chama cha madaktari wa wanyama cha Marekani kinasema karibu nusu ya mbwa wanaovuka miaka 10 huipata. Lakini si kila uvimbe ni kansa. Kuna uvimbe wa mafuta tu, laini, unaotembea chini ya ngozi, ambao mbwa huishi nao hadi mwisho. Kuna jipu. Kuna tezi za shingoni na nyuma ya magoti zinazovimba kwa sababu ya homa zinazoletwa na kupe, na hiyo ina dawa yake.

Uvimbe wa chuchu kwa mbwa jike ambaye hakutolewa kizazi unajulikana sana. Kwa makadirio ya kawaida ya madaktari, karibu nusu ya uvimbe wa aina hiyo si kansa mbaya. Hata ile nusu nyingine, si yote inayosambaa mwilini. Ukubwa una maana: ukiwa chini ya sentimita 3, matumaini huwa makubwa zaidi. Kwa hiyo huo wa ndimu ndio wa kuutilia maanani, na kila mwezi mnaolala mzungu wa nne, wenyewe unaendelea kukua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

KABLA HAMJAVUKA MAJI

Kutoka Mafia hadi Dar si mchezo, hasa wakati wa kusi bahari ikichafuka. Ukipita Kilindoni hadi Nyamisati, bado una barabara ndefu mbele. Ndege nayo ina bei yake, na si kila rubani atakubali abiria wa miguu minne. Kwa hiyo kazi ya kwanza mfanyie hapo hapo Utende, karibu bure.

Pimeni uvimbe kwa rula, mwandike tarehe. Mpigeni picha mchana, kwa mwanga mzuri. Angalieni kama uvimbe unatembea chini ya ngozi au umeng’ang’ania, kama umepasuka, kama unatoa maji au damu. Kisha tafuteni kliniki ya wanyama Dar, mtume picha kwa simu na muulize bei ya kila kitu mbali mbali: kumuona daktari, eksirei ya kifua, kipimo cha damu, upasuaji, na kupeleka kinyama maabara. Msikubali kuambiwa “njoo tu tutaongea”. Mwulizeni pia bwana mifugo kuhusu kibali cha kumsafirisha mnyama na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

Halafu sikilizeni hili kwa makini: akionekana anaumwa, msimpe Panadol, wala brufeni, wala diklofenaki ya bibi. Dawa hizo zinaweza kumuua mbwa kabla ya kansa. Vidonge vya predinisoloni navyo msimwanzishie kienyeji. Vinaweza kuupunguza uvimbe kwa muda, daktari akashindwa kujua alikuwa anaumwa nini, na aina nyingine za kansa zikawa sugu kwa dawa.

EKSIREI NDIYO ITAKAYOAMUA

Kansa ya chuchu ikisambaa hupenda kwenda kwenye mapafu. Ndiyo maana eksirei ya kifua inatangulia kisu. Mkifika Dar, ombeni hiyo na kipimo cha damu cha figo na ini. Uzee peke yake si ugonjwa. Mbwa wa miaka 11 mwenye figo na moyo mzima anaweza kuvumilia dawa ya usingizi.

Picha ikionyesha mapafu yameshaingiliwa, upasuaji hautamponya. Mrudisheni nyumbani na dawa ya maumivu aliyoandika daktari, mumpe siku nzuri zilizobaki. Vivyo hivyo titi lote likiwa jekundu, la moto na linauma, hiyo ni aina kali ambayo kisu hakiisaidii.

Mapafu yakiwa safi, mimi nasema mfanyieni upasuaji. Uvimbe utolewe wote na sehemu yake ipelekwe maabara. Kwa wengi huo ndio mwisho wa hadithi: mshono unapona kwa wiki mbili hivi, anarudi getini kwake. Daktari anaweza kushauri atolewe na kizazi humo humo. Majibu ya maabara yakija mabaya, hamlazimiki kuendelea na dawa za kansa. Hilo ni swali jingine la siku nyingine.

Kwa wasomaji wengine wenye mbwa, nisiwaache hivi hivi. Kuna kansa moja inayoambukizwa kwa mbwa kupandana, kulambana na kunusana. Inatokea sehemu za siri kama koliflawa inayochuruzika damu. Ukiiona unaweza kukata tamaa, kumbe ni katika kansa zinazotibika vizuri kuliko zote: sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, na wengi wanapona kabisa. Binadamu haambukizwi. Tofauti yake na kansa ya tezi ni kubwa. Hiyo ya tezi isipotibiwa huondoka na mbwa ndani ya wiki chache hadi miezi miwili, na hata kwa dawa nyingi na pesa nyingi, kwa kawaida unanunua mwaka mmoja hivi. Mbwa hapewi dozi kali kama za binadamu, na wengi hawanyonyoki manyoya. Sasa mnaona? Neno ni moja, “kansa”, lakini maamuzi hayafanani hata kidogo.

PESA ITAJWE KABLA YA SAFARI

Wanandoa wengi wanaharibu hapa. Wanaingia kliniki bila kikomo, daktari anataja bei, mmoja anatoa machozi, mwingine anatoa pochi, halafu wanarudi nyumbani na deni na kinyongo.

Kaeni jioni moja, chai mezani, simu mbali. Gaweni safari hiyo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kujua: nauli, eksirei, damu. Hilo shemeji naomba ulikubali, kwa sababu bila hilo mtabaki mnabishana kuhusu kitu msichokijua. Fungu la pili ni la kutibu, na mliwekee kikomo kwa tarakimu. Ikizidi hapo, mnarudi. Mdogo wangu, wewe una mshahara wako. Fungu la pili lianzie kwako, hata kama ni kwa kukatana kidogo kidogo kila mwezi, bati libaki na sehemu yake. Mkiamua kutokutibu kwa sababu pesa haitoshi, hilo nalo ni uamuzi wa watu wazima wenye huruma. Hakuna mtu aliyeandika kwamba upendo kwa mnyama unapimwa kwa risiti. Na asije mmoja wenu mwaka kesho akamwambia mwenzake “wewe ndiye uliyemuua mbwa wangu”.

AKIBAKI NYUMBANI

Ikiwa matibabu yameshindikana, mtajuaje siku imefika? Daktari mmoja wa kansa za wanyama huko Marekani, Alice Villalobos, alitunga mwaka 2004 kipimo ambacho hata sisi tunaweza kukitumia kwa daftari la shule. Kila wiki mnampa mbwa alama 0 hadi 10 kwa mambo saba:

1. Maumivu yamedhibitiwa? Anapumua vizuri?
2. Anakula?
3. Anakunywa maji ya kutosha?
4. Ni msafi, au analala kwenye mkojo na kidonda kinanuka?
5. Bado anafurahi mkiingia getini?
6. Anaweza kuinuka na kutembea?
7. Siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya?

Jumla ikizidi 35 kati ya 70, bado ana maisha ya kumfaa. Ikishuka chini ya hapo na ikaendelea kushuka, msimng’ang’anie. Kila mmoja ajaze peke yake, kisha mlinganishe. Mtashangaa, mara nyingi alama za anayelia na za anayehesabu pesa hazipishani sana.

Siku hiyo ikifika, aitwe daktari wa mifugo mwenye dawa ya kumlaza moja kwa moja. Analala kwanza, moyo unasimama baadaye, bila kuhangaika. Lile la “kumtafuta mtu” mlifute kabisa. Sumu na rungu ni mateso, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008 inayokataza ukatili. Tena Malkia kawalinda miaka yote, astahili kuondoka mikononi mwa anayemjua.

NA WATU WATASEMAJE?

Najua Mafia ni kisiwa cha watu wa dini, na mbwa si mnyama wa kukaa naye kochini. Mengine msiyakuze. Mate ya mbwa yana taratibu zake za kujitwaharisha na mbwa wa ulinzi anajulikana. Mwenye shaka amuulize shehe wake. Lakini hata watoto wa chuoni wanaijua hadithi ya yule mtu aliyeteremka kisimani kumchotea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Mama mkwe akiuliza kwa nini mnampeleka mbwa Dar, shemeji ndiye ajibu, tena kwa adabu: “Mama, ni mlinzi wetu, anaumwa, tunakwenda kumpima.” Basi. Mke asiachiwe peke yake kujitetea kwa wakwe.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, mdogo wangu. Wiki hii pima kwa rula, piga picha, ulizia bei. Mkubaliane kikomo. Bahari ikitulia, nendeni wote wawili, si wewe peke yako na mbwa kwenye boti. Eksirei ikiwa safi, atolewe uvimbe. Ikiwa si safi, rudini naye, muanze daftari. Na leo usiku, kabla ya yote hayo, geuzeni mito mlale upande mmoja.

Niandikieni mlivyofikia. Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.