Baniani Avuapo Viatu

Iko methali ambayo wengi wetu tuliijua kabla ya kujua kusoma: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Walimu hutufundisha ya kuwa hata mtu usiyempenda aweza kuwa na kitu cha kukufaa. Lakini nauliza: ni nani kati yetu aliyepata kumwona Baniani huyo akiwa amekivua kiatu chake? Mimi nalimwona mwezi wa Juni, na tangu siku hiyo methali hii yanikaa vibaya kinywani.

Kwanza tuyatenge maneno, maana twayachanganya sana. Mhindi ni mtu ambaye asili yake ni Bara Hindi, na Wahindi wana dini nyingi. Wako Waislamu wa Ismailia, Bohora na Ithnaasheri; wako Masingasinga; wako na Wagoa, ambao wengi wao ni Wakatoliki. Mhindu ni yule afuataye dini ya Kihindu. Baniani ni jina la zamani la watu wa pwani kwa wafanyabiashara wa Kihindu, waliokuja kwa majahazi na upepo wa kaskazi kutoka Kutch na Gujarat. Si wageni wa jana. Enzi za Seyyid Said, aliyefariki mwaka 1856, mkusanyaji wa ushuru wa forodha ya Unguja alikuwa Jairam Shivji, Baniani wa Kutch. Huku kwetu, reli ilipofika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, maduka ya Wahindi nayo yaliongezeka kando yake, kwa sababu ya pamba.

Sasa yanipasa kuungama. Mwaka jana, siku ya Diwali, wanafunzi watano twalipewa ruhusa ya kwenda mjini kununua madaftari. Mbele ya duka moja mama mzee wa Kihindi alikuwa amechora maua kizingitini kwa unga wa rangi, na kando yake amepanga taa ndogo za udongo. Mmoja wetu akasema, "Huo ni uchawi." Tukacheka, tukapita juu ya maua yale kwa viatu vyetu vya shule, tena kwa makusudi. Mimi nalikuwa wa tatu. Yule mama hakusema neno. Tulipotoka na madaftari yetu, alikuwa amechutama akichora upya.

Nalilisahau jambo hilo mpaka likizo ya Juni, nilipokwenda Dar es Salaam kwa mjomba wangu, ambaye kazi yake ni kupaka rangi majumba. Siku hizo alikuwa na kazi karibu na Mtaa wa Kisutu, nami nalikwenda kumshikia ngazi. Mtaa huo uko katikati ya jiji, na mahali hapo yako mahekalu kadhaa ya Wahindu yaliyo karibu karibu. Saa ya kupumzika mjomba akaniambia, "Mjomba, twende tukaone. Kutazama si kuingia dini." Akaomba ruhusa kwa bawabu, tukakaribishwa.

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa viatu. Mlangoni palikuwa na rafu ndefu, na juu yake viatu vya ngozi vya kung'aa, makubazi, na ndala zilizolika visigino, vyote pamoja. Hukuweza kujua kipi ni cha mwenye duka na kipi ni cha karani wake. Nasi tukavua vyetu, tukaviweka hapo hapo. Kila aingiaye hugonga kengele iliyotundikwa juu, kisha husogea mbele akiwa ameikutanisha mikono yake. Hakuna viti, watu hukaa sakafuni, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Palikuwa na harufu ya udi na maua, na mhudumu alikuwa akizungusha taa ya samli mbele ya sanamu zilizovishwa nguo nzuri.

Mzee mmoja alikuwa ameketi akitunga shada la maua. Kwa ujinga wangu nalimwuliza, "Mzee, mbona mwaabudu sanamu?" Mjomba akanikazia macho. Mzee hakukasirika. Alisema, "Kijana, sanamu ni mahali pa kuelekeza macho na moyo. Mungu ni mmoja, majina yake ni mengi." Mimi ni Mkristo, na jibu lile halikunigeuza. Lakini nalilipata kwa mwenye dini yake, si kwa mtu wa bwenini asiyepata kuvuka kizingiti cha hekalu.

Mzee akanieleza sikukuu zao. Iko Holi, mwezi wa Machi kwa kawaida, ambapo huwasha moto mkubwa usiku, na kesho yake hurushiana rangi. Iko Navratri, siku tisa za kumheshimu Durga, ambapo usiku watu hucheza garba kwa duara, na wengine hugonganisha fimbo ndogo. Msukuma atakayecheka habari hiyo na aende kwanza Bujora wakati wa Bulabo, awatazame Bagika na Bagalu wakishindana kwa ngoma, kisha aniambie tofauti ni kubwa kiasi gani. Nayo Diwali ni sikukuu ya taa. Huangukia usiku usio na mwezi, kwa hiyo haina tarehe moja kila mwaka. Ila kalenda yao huongezwa mwezi mmoja kila baada ya miaka mitatu hivi, basi Diwali haitoki katika Oktoba au Novemba. Nikamwuliza juu ya maua ya unga kizingitini. Akasema, "Hayo ni ya kumkaribisha Lakshmi, mwenye kuleta baraka, na ya kumkaribisha kila mgeni aingiaye." Basi nasi watano twalikuwa wageni waliochorewa maua yale.

Jambo moja zaidi lilinishangaza. Wakati wa Diwali wafanyabiashara wa Kigujarati hulileta daftari jipya la hesabu liombewe, ili mwaka wa biashara uanze kwa baraka. Hapo nalimkumbuka babu yangu.

Babu alipokuwa mtoto alifuatana na baba yake kuuza pamba, na hata leo husema, "Mizani ya Mhindi ilikuwa na jiwe lisiloonekana." Hakuwa peke yake katika malalamiko hayo. Wakulima wa Usukuma waliweka watu wao wa kuangalia mizani, wakaungana, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wao mkubwa wa ushirika, ulioongozwa na Paul Bomani. Mimi simwambii babu asahau. Aliyepunjwa amepunjwa, na daftari lililoombewa halimtakasi mwizi, kama vile Biblia mfukoni haimtakasi. Lakini wakulima wale walisimamia mizani. Hawakwenda kukanyaga maua ya mtu mlangoni kwake. Ukipunjwa, dai haki yako kwa mwenye mizani. Usimdai bibi kizee aliyezaliwa katika kabila la mwenye mizani.

Wenzangu wa bwenini nao wana hoja. Nilipowasimulia safari yangu, mmoja alisema nimetenda dhambi kwa kuingia nyumba ya sanamu. Namjibu hivi. Mzee yule alinipa kitamu kilichotolewa mbele ya sanamu, kiitwacho prasadi. Nalimwambia kwa adabu, "Mzee, unisamehe, dini yangu yanizuia." Akaniambia, "Vema, anayeishika dini yake namwamini," akaniagizia maji ya kunywa. Kumbe yawezekana kuingia, kuheshimu, kuuliza, na kutoka na imani yako nzima. Ikiwa imani yangu yaweza kuanguka kwa kuona taa ya samli, basi ugonjwa haumo katika taa ile.

Tena sisi ni raia wa nchi gani? Mwaka 1961, muswada wa uraia ulipojadiliwa Bungeni, walikuwapo waliotaka uraia uhesabiwe kwa rangi ya ngozi. Mwalimu Nyerere alikataa kabisa. Ibara ya 19 ya Katiba yetu humpa kila mtu uhuru wa dini yake. Mambo haya twayaandika vizuri katika mtihani wa Uraia, tukapata alama, kisha tukaenda mjini kukanyaga maua.

Maoni yangu, basi, ni haya. Shule yetu hupanga safari kwenda migodini na katika hifadhi za wanyama, na ni vema. Nawaomba walimu waongeze safari moja kila mwaka kwenda katika nyumba ya ibada isiyo yetu: Wakristo waende msikitini, Waislamu waende kanisani, na sote twende hekaluni, ambayo yako hata Mwanza. Iwe kwa ruhusa ya wazazi, wala asilazimishwe mtu. Wazazi wetu nao nawaomba wasiogope. Mtu tunayemjua kwa kaunta ya duka tu, twajua bei zake. Yeye mwenyewe hatumjui.

Muhula ulipofunguliwa nalikwenda katika duka lile peke yangu. Nalimwamkia yule mama, nikamwambia, "Mama, mwaka jana nalikanyaga maua yako. Nimekuja kuomba radhi." Alinitazama kitambo, akanijibu kwa Kisukuma safi kuliko changu ya kuwa hanikumbuki mimi, maana waliokanyaga miaka yote ni wengi. Kisha akaniuliza nataka daftari la kurasa ngapi. Nikanunua moja, kwa bei ile ile ya kila siku.

Neno lile, "ni wengi," lilinikaa rohoni kuliko kama angalinikemea. Diwali ya mwaka huu itanikuta katika matayarisho ya mtihani wa kidato cha nne, na huenda nisiione. Lakini ninyi wa vidato vya chini mtapewa ruhusa ya kwenda mjini. Mkiyakuta maua ya unga mlangoni, piteni pembeni. Nafasi ipo ya kutosha.