Bili ya hospitali isikatwe kwenye hela ya unga

"Mama Junior, mwezi huu usinitegemee, hela nimeiacha hospitali." Ujumbe wa namna hii umeanzisha ugomvi mwingi kati ya wazazi waliotengana. Tuseme baba ameamriwa kutoa shilingi 200,000 za matunzo kila mwezi. Mtoto kalazwa kwa nimonia, bili imefika 180,000, baba kailipa yote. Kwa hesabu zake, amebakiza deni la 20,000. Mama anarudi nyumbani na mtoto anayetakiwa kula vizuri kuliko wiki iliyopita, na mkononi hana kitu.

Kwa maoni yangu, baba huyu bado anadaiwa 200,000 kamili. Matunzo ya mwezi hupangwa kwa yale yanayojirudia: unga, mafuta, sabuni, kodi ya chumba, nauli ya shule. Ugonjwa haupunguzi hata kimoja kati ya hivyo.

Sheria zetu za Tanzania zilichelewa kidogo hapa. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kilimtaka baba atoe makazi, mavazi, chakula na elimu, matibabu hayakutajwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 ndiyo iliyoyataja waziwazi, pamoja na chanjo, na ikayaweka sambamba na chakula. Haki mbili zilizowekwa sambamba, moja hailipiwi kwa kuinyima nyingine.

Hata hivyo, sheria hiyohiyo haikumbebesha baba peke yake. Inaitaka mahakama ipime kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Kwa hiyo baba anayelipa kila kitu huku mama naye ana mshahara, au anayetumiwa picha ya bili ya hospitali ghali ambayo hakushirikishwa kuichagua, ana haki ya kulalamika. Amdai mama mchango wake kwenye bili. Chakula cha mtoto kisiguswe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba anayetuma hela ana mahali pa kukata, anayekaa na mtoto hana. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bure kwenye vituo vya serikali, lakini mama wengi wanajua kuambiwa dawa zimeisha, kanunue nje. Kuna kanula, dripu, dawa ya maji, bodaboda ya saa nane usiku. Dereva wa bodaboda haandiki risiti. Gharama hizi haziingii kwenye hesabu ya mtu yeyote, ilhali risiti kubwa ya baba inawekwa mezani kwa ofisa ustawi wa jamii kama ushahidi wa kila kitu.

Bima ni suala jingine, kwa sababu gharama yake inajulikana mapema. Toto Afya Kadi ilipoanza ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, yaani 4,200 kwa mwezi. Kiasi kama hicho kinaweza kuhesabiwa siku matunzo yanapopangwa, baba akakilipa na kikatambuliwa kuwa sehemu ya mchango wake.

Amri inayotaja kiasi cha mwezi tu inaacha mlango wazi kwa ugomvi. Iongezwe sentensi mbili: bili ya matibabu itagawanywa kwa uwiano gani, na kwenye dharura nani atoe kwanza na kurudishiwa ndani ya siku ngapi. Baba ambaye kipato chake kimeanguka kweli arudi mahakamani kuomba amri ibadilishwe, maana mamlaka hiyo mahakama inayo. Yeye na simu yake hana.