Usimfute Mteja Anayesema "Siti Inashuka"

Ndugu muuzaji mwenzangu wa mtandaoni, leo nasema jambo ambalo najua halitawafurahisha wote. Maoni ya mteja aliyekasirika yana faida kwako kuliko yale ya "asante bosi, mzigo umefika". Nitatumia bidhaa moja ndogo kueleza: bomba la siti la baiskeli za milimani, lile la bei nafuu.

Mimi nauza spea za baiskeli kwa simu. Bomba la siti linaonekana ni bidhaa rahisi kuliko zote. Chini linaingia kwenye fremu, juu linabeba siti, basi. Ndiyo maana wengi wetu tunapiga picha moja, tunaandika "bomba la siti, imara, bei poa", tunasubiri oda. Malalamiko yakija tunasema wateja wa siku hizi wasumbufu, tunafuta komenti.

Sikubaliani na hilo kabisa. Soma maoni ya waendeshaji kuhusu mabomba haya, utaona wanasifia vitu vilevile na kulalamikia vitu vilevile. Wanasifia bei, wanasifia wepesi wa yale ya aloi, na wengi wanakiri kwamba kwa safari za kawaida kazi inafanyika. Malalamiko nayo yako makundi machache tu. Tuyapitie, maana kila moja linakuambia cha kuandika kwenye tangazo lako.

"Haliingii" au "linacheza." Hapa bidhaa mara nyingi haina kosa, kipimo ndicho kimekosewa. Mabomba ya siti yana unene tofauti: 27.2 mm, 30.9 mm na 31.6 mm ni vya kawaida kwenye baiskeli za milimani, na baiskeli nyingi za bei ya chini zinatumia 25.4 mm. Kwa macho huwezi kutofautisha 30.9 na 31.6, lakini kwenye fremu tofauti hiyo ni kubwa. Mwambie mteja achomoe bomba la zamani, aangalie sehemu ya chini iliyokuwa ndani ya fremu. Mara nyingi namba imegongwa pale. Kama imefutika, fundi apime kwa kalipa, siyo kwa futi ya fundi cherehani. Mteja akikutumia picha ya namba, ndipo umtumie mzigo.

"Siti inashuka taratibu nikiendesha." Huenda bomba ni jembamba kuliko tundu la fremu, au kibanio cha fremu hakijakazwa vizuri, au kimechakaa. Ukimuuliza mteja maswali mawili matatu, tatizo linaweza kuisha bila kurudisha kitu. Ukimfuta, hutajua kamwe.

"Siti inainama mbele au nyuma." Hili ni la kichwa cha bomba, pale siti inapofungwa. Baadhi ya mabomba yana bolti moja, mengine mbili. Ya bolti moja yanafungwa haraka, lakini yasipokazwa sawasawa siti inaweza kuteleza ukipita kwenye makorongo. Ya bolti mbili yanachukua muda kurekebisha ila yanashika vizuri. Andika kwenye tangazo ni la bolti ngapi, na piga picha ya kichwa kwa karibu.

"Linalia kwiku kwiku." Mara nyingi ni ukavu au vumbi. Bomba la chuma au aloi kwenye fremu ya chuma au aloi linatakiwa kupakwa grisi kidogo kabla ya kuingizwa. Kwa wateja wa pwani, Dar, Tanga au Mombasa, jambo hili ni muhimu zaidi, kwa sababu hewa ya chumvi inaweza kulifanya bomba ligandane na fremu lisitoke tena. Ila grisi isitumike kwenye kaboni.

"Limepinda." Hapa ndugu yangu, acha utani. Kwenye bomba kuna alama ya mwisho wa kulivuta juu. Ile alama isionekane nje ya fremu, hata kidogo. Mteja mrefu aliyenunua bomba fupi atalivuta mpaka alama itoke, na siku akitua kwenye shimo bomba linapinda au linakatika yeye akiwa juu yake. Kuna urefu wa 300, 350 na 400 mm, kwa hiyo andika urefu. Na bomba la aloi likishapinda lisinyooshwe, litupwe. Anayelinyoosha na kuliuza tena anauza ajali.

Najua mtaniambia: "Nikiandika yote haya nitaonekana bidhaa yangu ina matatizo, mteja ataenda kwa jirani." Wengine watakwenda, kweli. Lakini tupige hesabu ya mfano. Umenunua bomba kwa 15,000, umeuza 22,000, faida 7,000. Mteja yuko mkoani, nauli ya basi kwa mzigo ni 5,000. Kipimo kimekosewa, unalipia kurudisha 5,000 na kutuma lingine 5,000. Hapo faida imekwisha na umeongeza 3,000 yako mfukoni. Aliyekwenda kwa jirani hajakugharimu chochote, ila huyu mmoja wa kipimo kibaya amekula faida yote na bado unadaiwa.

Nina ombi jingine. Acheni kuomba wateja "nyota tano tu". Nyota haisemi kitu. Mwombe mteja akuandikie mambo matatu: uzito wake kwa kukadiria, njia anazopita, na ametumia kwa muda gani. "Nina kilo 85, napita barabara ya vumbi kila siku, miezi minne sasa, halijashuka" ni maneno yatakayouza bomba kuliko picha kumi zilizopambwa. Na aliyesema limemsumbua, acha maoni yake yaonekane, mjibu hapohapo kwa adabu, eleza ulivyomaliza tatizo. Mnunuzi mpya anaangalia jinsi unavyojibu kabla hajatoa hela yake.

Na ukisikia wateja kadhaa wanasema bomba limepinda wakati alama ilikuwa ndani na kipimo kilikuwa sahihi, usitafute maelezo. Toa mzigo huo sokoni, zungumza na aliyekuuzia, na wapigie walionunua kabla yao. Hasara ya katoni moja inauma, naelewa, mtaji wetu ni mdogo. Lakini bei nafuu ni ahadi ya kumpunguzia mtu gharama, siyo kumwongezea ya hospitali.

Leo fungua matangazo yako. Kama kuna bomba la siti lisiloandikwa unene, urefu na idadi ya bolti, lirekebishe kabla hujalala. Halafu tuambie kwenye komenti: bidhaa gani unayouza inaletewa lalamiko lilelile kila mwezi? Tuone kama ni bidhaa mbovu au ni tangazo halijajitosheleza.