Kompyuta ni ya Kampuni, Maisha Si Yake

Kuna hoja moja iliyozoeleka maofisini kiasi kwamba hata wanaoumizwa nayo huitetea: kompyuta ni mali ya kampuni, intaneti analipia mwajiri, saa za kazi amezinunua, kwa hiyo ana haki ya kuona kila kinachopita humo. Utaisikia kwa afisa utumishi na kwa mwanasheria wa kampuni. Utaisikia hata kwa karani ambaye barua pepe zake zinasomwa na mtu wa chumba cha pili bila yeye kujua. Ni hoja potofu, na imeachwa itembee muda mrefu mno bila kupingwa.

Kumiliki kitu si kumiliki maisha ya anayekitumia. Mwenye nyumba anamiliki kuta, bati na mlango, lakini akiingia chumbani kwa mpangaji kupekua kabati, hakuna mjumbe wa mtaa atakayempa haki kwa kuwa tu hati ina jina lake. Kwa nini basi tunakubali kwamba stakabadhi ya kununulia kompyuta inampa mtu ruhusa ya kusoma alichoandika mfanyakazi kwa mkewe?

Mahakama zilishalijibu swali hili zamani. Mwaka 1997 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua shauri la Alison Halford, afisa wa ngazi ya juu wa polisi wa Merseyside, Uingereza. Alikuwa amelalamika kisheria kwamba ananyimwa cheo kwa sababu ni mwanamke, na shauri hilo likiwa bado linaendelea, simu za ofisini kwake zikasikilizwa. Simu zilikuwa za polisi, ndani ya ofisi ya polisi. Serikali ya Uingereza ikadai kwamba hakuwa na sababu ya kutarajia faragha kwenye vyombo vya mwajiri. Mahakama ikaikataa hoja hiyo. Na tuangalie kilichokuwa kinatafutwa. Hapakuwa na wizi wala siri iliyovuja. Kilichotafutwa ni silaha ya kumshinda mwanamke aliyethubutu kudai haki yake. Mwajiri akishapewa sikio lisilo na mpaka, hayo ndiyo yatakayokuwa matumizi yake ya kwanza siku atakapogombana na mfanyakazi.

Shauri linalonigusa zaidi ni la Bogdan Bărbulescu wa Romania. Alikuwa mhandisi katika idara ya mauzo, na kwa agizo la mwajiri alifungua akaunti ya Yahoo Messenger ya kuwajibu wateja. Kanuni za kampuni zilikataza matumizi binafsi. Julai 2007 akaitwa, akaulizwa, akasema ameitumia kwa kazi tu. Ndipo akawekewa mezani kurasa 45 za mazungumzo yake na ndugu yake na mchumba wake, yakiwemo mambo ya afya yake na ya faragha ya mapenzi. Alifukuzwa kazi mwezi uliofuata. Alikuwa amevunja kanuni, hilo halina ubishi. Hata hivyo, Septemba 2017, kwa kura 11 dhidi ya 6, Baraza Kuu la mahakama hiyohiyo liliamua kwamba haki yake ya faragha haikulindwa. Maagizo ya mwajiri, lilisema, hayawezi kufuta kabisa maisha binafsi ya mtu awapo kazini. Kujua kwamba matumizi binafsi yamekatazwa si sawa na kujua kwamba maneno yako yananakiliwa neno kwa neno.

Mimi huwafikiria zaidi wale wawili wa upande wa pili. Mchumba hakuajiriwa na kampuni ile. Ndugu naye hakusaini mkataba wowote, hakulipwa mshahara, wala hakugusa kompyuta ya mtu. Maneno yao yalisomwa vilevile. Hapo ndipo hoja ya umiliki inapovunjika vipande: programu inayopiga picha skrini humnasa pia dada anayeomba nauli ya kumpeleka mtoto kliniki, na rafiki anayeeleza majibu ya vipimo vyake. Hao nao kampuni iliwanunua lini?

Wapo watakaosema mfanyakazi aliridhia, saini yake ipo. Saini gani? Ile ya siku ya kwanza, kwenye rundo la karatasi, ya mtu aliyesaka kazi muda mrefu na anajua nje kuna foleni ya wengine? Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtwika anayekusanya taarifa mzigo wa kuthibitisha ridhaa, na inataka iangaliwe kama utekelezaji wa mkataba umewekewa sharti la ridhaa hiyo. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Juu ya sheria hizo zipo katiba: ibara ya 16 ya Tanzania na ibara ya 31 ya Kenya zinalinda mawasiliano ya mtu, na hazisemi popote kwamba ulinzi huo unakoma mlangoni pa ofisi.

Sipingi ulinzi wa mitambo. Benki lazima ijue nani alifungua akaunti ya mteja na saa ngapi, maana faragha ya mteja nayo ni faragha. Kuzuia virusi na kufunga tovuti hatari ni kazi halali. Lakini kulinda mfumo ni jambo moja, na kumwinda mtu ni jingine. Hata Upwork, jukwaa wanalotumia vijana wa kwetu kutafuta vibarua vya mbali, programu yake hupiga picha ya skrini katika kila dakika kumi za kazi ya kulipwa kwa saa. Ila mfanyakazi huiwasha mwenyewe, huziona picha, na anaweza kuifuta moja akikubali kupoteza malipo ya dakika hizo. Ofisi inayochungulia kimyakimya haijafika hata hapo.

Na tija inayotajwa sana? Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwafukuza wafanyakazi zaidi ya kumi kwa kuigiza uchapaji ili waonekane wako kazini. Walidanganya, kweli. Lakini mahali ambapo kubonyeza kunahesabiwa kuwa kazi, watu watabonyeza. Mhasibu anayefikiri kwa nusu saa na kugundua kosa kwenye hesabu ataonekana amelala.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji uliyeajiriwa: andika barua kwa mwajiri wako. Uliza ni programu gani imewekwa kwenye kompyuta unayotumia, inarekodi nini, nani anasoma, na kumbukumbu zinatunzwa kwa muda gani. Sheria za nchi zote mbili zinakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje. Usipojibiwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, au kwa Kamishna wa Data kama uko Kenya. Na vyama vya wafanyakazi viliingize suala hili kwenye mkataba wa hali bora unaofuata, meza moja na mishahara na likizo.