KAZI NA HESABU ZAKE
Nani Huhesabiwa Kuwa Ana Kazi?

Mara kwa mara magazeti hutangaza kwamba watu wasio na kazi wamepungua. Msomaji ambaye mwanawe angali nyumbani bila kazi hustaajabu, akadhani kwamba hesabu hizo ni za uwongo. Huenda si za uwongo. Lakini maneno yake yana maana maalum, na asiyezijua hawezi kuelewa habari aliyopewa.

Na wafikiriwe watu wa nyumba moja ya mkulima upande wa Nyeri. Baba ana mibuni, naye hupeleka kahawa yake katika kiwanda cha chama cha ushirika. Mama hulima mahindi na maharagwe ya kulisha nyumba, huteka maji na kukata kuni. Mwana wa kwanza amemaliza masomo, na kila juma hupeleka barua za kuomba kazi. Wa pili aliomba mwaka mzima, akakata tamaa, sasa hatafuti tena. Binti ana miaka 16, naye yuko shuleni.

Makarani wa hesabu huwagawa watu kama hawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni wenye kazi, yaani kila aliyefanya kazi ya mshahara au ya faida katika juma linaloulizwa, hata ikiwa ni kwa saa moja tu. Baba yumo humo. Fungu la pili ni wasio na kazi: mtu asiye nayo, anayeitafuta, na aliye tayari kuianza. Mwana wa kwanza yumo. Mafungu hayo mawili pamoja huitwa nguvukazi. Fungu la tatu ni walio nje ya nguvukazi. Binti yumo, na yule aliyekata tamaa yumo pia, kwa kuwa asiyetafuta kazi hahesabiwi kuwa amekosa kazi.

Na mama je? Wataalamu wa takwimu za kazi walipokutana Geneva mwaka 2013, waliamua kwamba ajira ni kazi ya malipo au faida tu. Kulima chakula cha nyumbani, kuteka maji na kulea watoto ni kazi pia, lakini ziandikwe mbali. Kwa kanuni hiyo mama huamka kabla ya jogoo, akalala baada ya wote, wala hana ajira.

Mfano utaonyesha jinsi hesabu ziwezavyo kupotosha. Kijiji kina watu wazima 100: 60 wana kazi, 20 wanatafuta, na 20 wako nje. Nguvukazi ni watu 80, na wasio na kazi ni 25 katika kila 100 ya hao. Mwaka wa pili watafutaji 5 wanakata tamaa. Nguvukazi sasa ni watu 75, na wasio na kazi ni 20 katika kila 100. Hesabu imeshuka, wala hapana hata mtu mmoja aliyepata kazi! Ndiyo sababu haifai kusoma hesabu ya wasio na kazi peke yake. Sharti kutazama pia ni wangapi waliomo katika nguvukazi.

Tena yafaa kuuliza ni nani walioachwa. Taarifa ya uchumi ya Kenya ya mwaka 2024 ilieleza kwamba mwaka 2023 wenye kazi walikuwa kama milioni 20, na zaidi ya milioni 16 kati yao walikuwa watu wa jua kali. Lakini hesabu hiyo haikuwatia wakulima wadogo wala wafugaji wa kuhamahama. Kwa hiyo hata yule baba mwenye kahawa hakuwamo.

Karani wa hesabu afikapo mlangoni, watu wa nyumba na wamjibu kwa ukamilifu. Mama wengi husema, "Sifanyi kazi, niko nyumbani tu," hali wameuza maziwa na mayai juma lile lile. Neno hilo moja huwaondoa katika fungu la wenye kazi, na mipango ya nchi hufuata yaliyoandikwa. Naye asomaye hesabu na aulize: nani amehesabiwa, nani ameachwa, na kwa kipimo gani? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.