Nyambizi ya Kenya? Mimi nakataa

Kila nikiposti video ya nyambizi, lazima msee aulize Kenya itanunua yake lini. Isinunue. Nyambizi ya dizeli ni jenereta na betri kubwa. Ikitumia betri iko kimya, kuipata ni ngumu. Lakini injini ya dizeli inataka hewa, kwa hivyo ikichaji inapanda karibu na juu, inatoa bomba, inanguruma. Hapa Burnt Forest stima ikipotea, jenereta ya jirani unaisikia hadi barabarani. Ni hivyo tu.

Afrika Kusini walinunua tatu Ujerumani, na pesa za kuzikarabati zimewatoa jasho. Sisi KNS Jasiri, meli ya kawaida, mkataba ni wa 2003, ikafika 2012! Mwenye anataka nyambizi aniambie kwanza nani atalipia betri.