Utambulisho wa Raia Uwekewe Kanuni Moja ya Wazi

Mkazi wa Ukara anayetaka kufungua akaunti ya benki huijua vizuri safari yake. Hupanda kivuko Bwisya mpaka Bugolora, akafuata barabara mpaka Nansio, na ikiwa shughuli haikumalizika hapo huabiri tena kwenda Mwanza, mwendo wa takriban saa tatu majini. Mkobani mna kitambulisho cha taifa, nakala zake kadhaa, barua ya ofisi ya kijiji na picha ndogo mbili. Siku nyingine akitaka bima, mkopo wa chama cha akiba au leseni ya uvuvi, aghalabu huanza upya: nakala, barua, picha. Mtu ni yule yule na namba yake ni ile ile, lakini kila dirisha humwuliza kana kwamba hajapata kuonekana duniani.

Hatusemi haya kwa kubeza kazi iliyokwisha fanyika. Sheria ya kusajili na kutambua watu ilipitishwa mwaka 1986. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa iliundwa mwaka 2008, na kadi za kwanza zilitolewa mwaka 2013. Mwaka 2019 ukaanza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, na baada ya muda kuongezwa, ulifungwa tarehe 20 Januari 2020. Kwa upande wa watoto, mpango wa kusajili walio chini ya miaka mitano ulianzia Mbeya mwaka 2013, ukafika na kwetu Mwanza, na mzazi akaweza kupata cheti bila malipo katika kituo cha afya au ofisi ya kata. Sasa Serikali imetangaza Jamii Namba, ambayo mtu atakuwa nayo tangu kuzaliwa kwake. Haya yote ni maendeleo, na wananchi hawana budi kuyapokea kwa shukrani.

Hata hivyo, kumpa mtu namba ni jambo moja, na kukubaliana jinsi namba hiyo itakavyomtambulisha kila mahali ni jambo la pili. Jambo hili la pili bado laamuliwa na kila taasisi peke yake. Benki ina fomu yake, kampuni ya simu ina utaratibu wake, hospitali ina daftari lake, na mifumo ya mtandao inayobuniwa kila mwaka huja na majina mapya ya kuingilia na namba mpya za siri. Mwananchi ndiye anayebebeshwa kazi ya kuwa tarishi baina ya ofisi ambazo zingeweza kusikilizana zenyewe. Na kila nakala aiachayo mezani yabaki huko, ikiwa na tarehe yake ya kuzaliwa, saini na picha, wala hajui itafungwa kabatini au itafungiwa karanga sokoni.

Wenzetu duniani wamewahi kukwama papa hapa. Miaka ya 2000 tovuti nyingi zilipotaka kusoma orodha ya marafiki wa mtu zilimwomba namba yake ya siri ya barua pepe. Ilikuwa sawa na mtu anayemtuma jirani akamchukulie jembe uani, kisha akampa ufunguo wa nyumba nzima pamoja na sanduku la fedha. Wahandisi wa kampuni mbalimbali, nyingine zikiwa washindani wa biashara, waliketi pamoja wakaandika kanuni iitwayo OAuth, iliyotoka mwaka 2007. Kikundi kazi cha IETF, chombo cha kimataifa cha kanuni za intaneti, kiliichukua na kuisafisha, na toleo lake la pili likatangazwa Oktoba 2012. Juu ya msingi huo ikajengwa OpenID Connect mwaka 2014, ambayo humwezesha mtu kuthibitishwa mahali pamoja na kutambulika pengine bila kugawa namba yake ya siri.

Tunaloliona la maana katika habari hiyo ni namna kazi ilivyofanyika zaidi ya mitambo yenyewe. Rasimu ziliwekwa wazi. Aliyekuwa na hoja aliitoa, akajibiwa. Kanuni ilipokamilika haikuwa mali ya kampuni moja. Kila mwenye ujuzi aliweza kuisoma na kuitumia bila kulipia ruhusa. Kanuni ya wazi ni kama kipimo cha kilo sokoni: mwuzaji na mnunuzi hawaaminiani kwa sura, lakini wote wawili wauamini mzani.

Kwa hiyo sisi tunapendekeza kwamba Serikali iunde kikosi kazi cha kuandika kanuni ya wazi ya kushirikishana utambulisho nchini. Mamlaka ya Serikali Mtandao, Mamlaka ya Vitambulisho na wakala wa vizazi na vifo waketi humo. Waketi pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Shirika la Viwango, wenzao wa Zanzibar, mabenki, kampuni za simu na vyuo vikuu. Lakini orodha ikiishia hapo, kazi itakuwa nusu. Waitwe pia wawakilishi wa vikundi vya usimamizi wa uvuvi vya mialoni, vyama vya akiba na mikopo, na watendaji wa vijiji vya visiwani. Na angalau mikutano yake michache ifanyike Mwanza na Nansio, ili wataalamu waione kwa macho hali watakayoitungia kanuni.

Twasema hivyo kwa sababu mambo ya ziwani hayaonekani kutoka mezani. Mvuvi hufuata samaki. Leo yuko Ukerewe, mwezi ujao Kome au Maisome, baadaye Goziba upande wa Kagera. Barua ya mwenyekiti wa mtaa, ambayo mjini ni jambo jepesi, kwake ni kitendawili, maana mwenyekiti wa kambini hajamfahamu na anayemfahamu yuko ng'ambo ya maji. Vidole vya mtu avutaye nyavu miaka ishirini huchakaa, na mashine ikamkataa mwenye navyo. Mtandao wa simu nao hupotea visiwani upepo ukivuma au umeme ukikatika. Kanuni isiyofikiria njia ya pili kwa watu hawa itawafungia mlango huku ikijisifu kuwa imewafungulia wengine.

Jambo jingine ni kiasi cha taarifa kinachotolewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka taarifa zikusanywe kwa kusudi linalojulikana na zisizidi haja. Kanuni ya kiufundi ndiyo itakayoipa sheria hiyo mikono na miguu. Anayeuza kitu kisichoruhusiwa kwa watoto ahitaji kujua kwamba mnunuzi ametimiza miaka 18. Hahitaji kijiji chake wala jina la mama yake. Na mwenye taarifa aweze kuona ni nani aliyeziomba, na lini.

Watakuwapo watakaosema kwamba vikao huchelewesha kazi, na kwamba wataalamu waachwe wamalize. Tunawakumbusha yaliyowapata majirani zetu. Kenya ilizindua kadi za Huduma kwa haraka, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikatamka uzinduzi huo kuwa batili, kwa kuwa athari kwa taarifa binafsi za watu hazikutathminiwa kwanza. Haraka hiyo iliishia mahakamani.

Nasi watu wa ziwa hili tuna sababu yetu ya pekee. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu 228 walipoteza maisha, na kwa siku kadhaa hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni wangapi waliopanda. Wako waliozikwa Bwisya bila kutambuliwa. Hatudai kwamba kitambulisho kingekizuia chombo kilichozidiwa kisipinduke. Tunasema tu kwamba jamaa waliosimama ufukweni walistahili kuwa na orodha. Kanuni nzuri ingekiwezesha kituo cha tiketi kuchukua jina la abiria na mtu wa kuarifiwa, taarifa hizo zikahifadhiwa nchi kavu, na lisiulizwe neno zaidi ya hayo.

Viongozi wetu tunawaomba walifanye jambo hili mapema, kabla mifumo haijawa mingi kiasi cha kukataa kuunganishwa. Tangazo la kikosi hicho liwe wazi, rasimu zake zitolewe kwa Kiswahili, na muda wa maoni uwatoshe hata wale ambao habari huwafikia kwa mtumbwi. Nanyi ndugu zetu wa visiwani, mtakapoitwa, njooni mseme. Ninyi ndio mjuao safari ya kutoka Bwisya mpaka dirisha la mwisho Mwanza ni ndefu kiasi gani, na ni wapi ingeweza kufupishwa.